Mawe ya mipaka ya akina Gracchus

Mimi ni mpima ardhi, kwa hiyo nikisoma habari za Roma ya kale macho hukimbilia mawe ya mipaka. Kusini mwa Italia yamepatikana kadhaa ya mwaka 132 KK hivi. Juu yamechongwa mistari ya upimaji. Ubavuni kuna majina ya wajumbe wa tume ya kugawa ardhi: Gaius Gracchus, Appius Claudius na Publius Crassus. Tiberius Gracchus, kaka yake Gaius na mwanzilishi wa tume hiyo, hayumo. Alikuwa ameshauawa.

Wengi hudhani sheria yake ya 133 KK iliwapora matajiri mashamba yao. Hapana. Iligusa ardhi ya umma tu, ambayo wakubwa walijitwalia kupita kikomo cha jugera 500, kama ekari 310. Ziada ingegawiwa maskini, nao wasingeruhusiwa kuiuza. Sharti hilo nalipenda. Viwanja vingapi tumevipima kwa ajili ya wanyonge, bikoni za mipaka hazijakauka saruji vimeshahamia kwa bwana mkubwa?

Marcus Octavius, aliyekuwa na cheo cha mtetezi wa raia kama Tiberius, akaipinga kwa kura ya turufu. Tiberius akaitisha kura ya kumvua cheo. Warumi walipiga kura kwa makabila; 17 kati ya 35 yalipokwisha kupiga, alisimamisha shughuli akambembeleza mwenzake. Wapi! Kabila la 18 likatimiza wingi, Octavius akavuliwa cheo. Kisha Tiberius akataka tume itumie hazina ya mfalme Attalus wa Pergamon, aliyewarithisha Warumi ufalme wake. Fedha ilikuwa himaya ya Seneti. Tiberius alipogombea tena cheo chake, Scipio Nasica, kuhani mkuu, aliwaongoza maseneta wenye virungu na miguu ya mabenchi. Tiberius na watu wapatao 300 waliuawa, maiti zikatupwa mtoni Tiber.

Tume ikaendelea na kazi, na matatizo yake nayafahamu mno. Mwanahistoria wa kale Appian anasimulia vilio vya wenye mashamba: makaburi ya wazee wetu yamo humu, shamba hili nilimpa binti yangu liwe mahari yake, hati za mauziano zimepotea. Wapimaji walikuwa na groma, mti wenye mikono minne inayoning'iniza timazi. Chombo hicho kinanyoosha mstari vizuri sana, ila hakiamui shauri.

Mwaka 129 KK jemadari Scipio Aemilianus alifanikisha mamlaka ya tume ya kuamua mashauri yahamishiwe kwa konsuli, mmoja wa watawala wakuu wa Roma. Konsuli akaonja ugumu wake, akafunga safari kwenda vitani Illyria, ng'ambo ya bahari ya Adria.