Ndani ya meli ya malkia: mbona kitanda cha mtu mmoja?

Huku makumbusho wageni wakishajua nashughulika na historia ya meli swali lao ni moja tu, meli ya malkia ndani ikoje, ina dhahabu kiasi gani? Basi mimi nawaelekeza kwenye meli mbili zilizoundwa sehemu moja, kwenye kiwanda cha meli cha John Brown pale Clydebank, Scotland.

Ya kwanza ni Queen Mary, ya abiria. Malkia Mary wa Uingereza mwenyewe ndo aliyeizindua 1934, ikaanza kwenda New York 1936. Ndani imepambwa kwa mbao za aina zaidi ya 50, na ukumbi wa kulia wa daraja la kwanza una ramani kubwa ya Atlantiki ukutani yenye kimeli cha kioo kilichokuwa kinasogea, yaani mtu alikuwa anakula huku anaona wameshafika wapi. Abiria kanunua tiketi ya meli yenye jina la malkia, lazima ajisikie yuko ikulu.

Sasa Britannia, hii ndo ya familia ya kifalme yenyewe, Elizabeth II, mjukuu wa yule Mary, aliizindua Aprili 1953. Michoro ya kwanza ya ndani ilikuja na mapambo mengi mno, yeye na mumewe Philip wakaikataa, na walikuwa sahihi kabisa, Uingereza ilikuwa bado inajikongoja baada ya vita, nyama bado ya mgao, halafu meli imejengwa kwa hela ya serikali, ungeipaka dhahabu kila kona wananchi wangekuelewaje? Akaitwa msanifu Hugh Casson, akaweka kuta nyeupe, zulia la kijivu, dhahabu kidogo tu, na fanicha nyingine zikatolewa kwenye meli yao ya zamani.

Chumba cha malkia ndo kinawashangaza wengi, kitanda cha mtu mmoja, cha Philip kiko chumba cha pili na mlango katikati, na Philip alisema kabisa mito yake isiwekwe lesi. Kitanda cha watu wawili kililetwa na Charles, alipoenda fungate na Diana 1981.

Meli ilistaafu 1997, iko Leith, Edinburgh, unaingia unaangalia. Ukifika usikipite haraka kile chumba cha nyuma cha kuotea jua, mimi nakipenda kuliko vyote: kuta za mbao za mtiki, madirisha mapana, na viti vya henzirani ambavyo Philip alivinunua Hong Kong. Malkia alikuwa anakunywa chai yake ya jioni hapo.