Si kila mtoto wa makao ni yatima

Siku ya kugawa sare na madaftari shuleni kwetu, mgeni alishika kipaza sauti akasema, "Mayatima wote waje mbele." Wakatoka 11. Watatu kati yao ni watoto wa makao ambao baba na mama zao wako hai, na mama mmoja huja kumwona mwanawe kila akipata nauli. Huyo mwanawe, wa darasa la sita, alikwenda mbele ameinamisha kichwa.

Yatima ni mtoto aliyefiwa. Mtoto wa makao ni yule anayelelewa kwenye makao ya watoto kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumlea, au hapakuwa salama. Mtoto mmoja anaweza kuwa vyote viwili, lakini hayo ni mambo mawili.

Neno yatima tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko lina mipaka. Kwa binadamu, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Kwa wanyama ni aliyefiwa na mama, maana ndiye amnyonyeshaye. Wanalugha wa Kiarabu wana neno jingine kwa mtoto aliyefiwa na mama, na jingine tena kwa aliyefiwa na wote wawili. Mzizi wake unabeba maana ya upweke, hata lulu isiyo na ya kufanana nayo huitwa lulu yatima. Kiswahili kikalipanua: afe baba, afe mama, mtoto ni yatima. Upanuzi huo naukubali kabisa. Ila popote neno hili lilipotumika kwa mtoto, kifo hakikukosekana. Halikuwahi kuwa la mtoto ambaye mama yake yuko gerezani, au aliyeondolewa nyumbani kwa sababu ya kipigo. Tunalo pia neno mkiwa, ndugu wa ukiwa, kwa asiye na jamaa. Nalo halimfai mtoto anayejua kwao ni wapi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania imeliona hilo. Kifungu cha 16 kinapoeleza mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, kinataja yatima, kisha kinaendelea: aliyetelekezwa, anayeteswa, anayezurura bila makazi, mwenye mzazi mlevi asiyefaa kumlea. Uyatima ni sababu moja katika orodha ndefu.

Shuleni kosa hili lina gharama. Mwalimu akishaandika "yatima" kwenye daftari lake, hatafuti tena mzazi. Ripoti ya muhula inaishia makaoni. Mama ambaye angefurahi kusikia kwamba mwanawe amepanda kwenye hisabati hapati habari, na siku mtoto akirudishwa nyumbani, anarudi kwa mtu asiyejua hata alifika wapi kimasomo. Ada ilifutwa 2016 hadi kidato cha nne, kisha 2022 hadi cha sita, na sare tunachangishana, vizuri. Mtu wa kumuuliza "leo mmesoma nini?" hagawiwi kwa kipaza sauti.

Kwa hiyo, ndugu mgeni, nakushukuru kwa madaftari, yalihitajika sana. Safari ijayo tuachie sisi walimu tuwape darasani, kila mmoja kwa jina lake. Nasi walimu, kabla ya kuandika lile neno, tumuulize afisa ustawi wa jamii: huyu mzazi wake yupo? Je, ni salama tukimtumia ripoti?