Waranti ya nani?

Mwezi uliopita nilipita Gungu, hapa Kigoma, kumjulia hali mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu wa zamani. Shikamoo, marahaba, na kabla sijaketi vizuri akaninyoshea kidole paani. "Sola yangu imebaki yatima, mwanangu. Yule bwana wa Mwanga aliyenifungia kafunga duka, simu haipatikani. Waranti ya miaka ishirini na mitano imekwenda na maji." Wiki hiyohiyo, ndani ya daladala ya Mwandiga, nikamsikia kijana akimtuliza mwenzake: hata fundi akihama mkoa yeye hana presha, maana paneli zake "zina waranti miaka ishirini na mitano". Mmoja analia, mwingine anacheka, na kosa lao ni moja.

Maana yenyewe haina urefu. Waranti ni ahadi ya mtu au kampuni kwamba kitu alichokiuza, au kazi aliyoifanya, ikiharibika ndani ya muda fulani bila kosa la mnunuzi, atatengeneza, atabadilisha au atarudisha fedha. Hapo neno la kushika ni "mtu". Paneli haiwezi kuwa na waranti kama inavyokuwa na kioo na fremu. Kuna mtu mahali fulani amejifunga kwa ajili yake.

Lugha yetu ililijua hili zamani, sisi ndio tumelisahau. Neno la Kiswahili ni dhamana, kutoka Kiarabu, na dhamana haijawahi kutembea bila mdhamini. Ukishikwa polisi unatoka kwa dhamana, na swali la kwanza la askari ni nani anakudhamini. Ukikopa benki unaambiwa ulete mdhamini, au uweke nyumba dhamana. Hakuna aliyewahi kutoka mahabusu kwa dhamana ya hewani. Lakini tukifika kwenye sola, friji na simu, mdhamini anadondoka njiani, tunabaki na miaka tu: miwili, mitano, ishirini na mitano. (Wapo pia wanaochanganya dhamana na amana. Amana ni kitu ulichomwekea mtu akutunzie, na asili yake Kiarabu ni nyingine kabisa. Leo nawasamehe.)

Na hilo "waranti" nalo lina safari yake. Ukivuka Ziwa Tanganyika, wenzetu wa Uvira na Kalemie, Kongo, wanasema "garanti", kwa kuwa wao wamelipokea kutoka Kifaransa na sisi tumelipokea kutoka Kiingereza. Wafanyabiashara wa Kibirizi, upande wetu wa ziwa, wanayatumia yote mawili kwa siku moja na wengine hudhani ni vitu viwili tofauti. Ni neno moja. Lilitoka kwenye lugha za Kijerumani za kale, likaingia Ufaransa, na huko kusini zaidi W ikageuka kuwa G, ilhali Wanormandi wa kaskazini wakabaki na W yao wakaipeleka Uingereza. Ndivyo pia jina William lilivyo Guillaume kwa Wafaransa. Maana yake ya mwanzo ilikuwa mtu: anayesimama kukukinga, anayesema "huyu yuko chini yangu". Wazee waliosoma bweni wanaikumbuka waranti ya treni, karatasi ambayo kwayo serikali iliahidi shirika la reli kwamba nauli ya mwanafunzi italipwa. Karatasi ile ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake alikuwepo wa kulipa.

Sasa turudi paani kwa mwalimu. Pale juu kuna ahadi kadhaa, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni ya kiwanda kuhusu kifaa: paneli haitapasuka yenyewe, haitaingiza maji, haitabanduka. Hii huwa miaka kumi, kumi na miwili, au zaidi. Ya pili, ya kiwanda hichohicho, inahusu uzalishaji, na ndiyo yenye miaka 25 inayotajwa kwenye daladala. Inasema kwamba baada ya miaka hiyo paneli haitakuwa imeshuka chini ya kiwango fulani, mara nyingi asilimia 80 au zaidi kidogo. Paneli ya wati 300 iwe bado na uwezo wa wati 240. Tena hupimwa katika hali ya maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati la Gungu saa saba mchana seli huwa na joto kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo ukipima ukakuta paneli mpya ya wati 300 inatoa 240, usikimbilie waranti, hilo ni jua linafanya kazi yake. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa kutumia nyumbani, ina waranti yake, betri ina yake, na kwa kawaida zote ni fupi kuliko ya paneli, hasa betri.

Halafu kuna ya fundi: paa halitavuja alipotoboa, waya hazitalegea, ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, imefungwa sawasawa. Hii haijaandikwa nyuma ya paneli yoyote. Mara nyingi haijaandikwa popote. Na hii ndiyo iliyokufa duka la Mwanga lilipofungwa.

Anayeona nachambua maneno kwa kujifurahisha aangalie Marekani. SunPower, kampuni kubwa ya sola, iliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2024. Wenye nyumba walipiga kelele kwamba paneli zao zimeachwa bila mtu. Lakini utengenezaji wa paneli ulikuwa umeshatengwa tangu 2020 ukawa kampuni nyingine, Maxeon, na ahadi ya paneli ilikuwa huko. Aliyejua paneli zake ni za nani alijua pa kuandikia barua. Aliyejua tu kwamba "nina waranti" alibaki anapiga simu isiyopokelewa.

Na hata "kufilisika" tunalitumia kwa pupa. Neno linatoka palepale lilipotoka fulusi: mtu aliyeishiwa mpaka senti za shaba. Kisheria ni utaratibu, kuna mfilisi anayekusanya mali na kusikiliza wadai, na wewe mwenye ahadi isiyotimizwa unaweza kupeleka dai lako ukiwa na karatasi. Lakini duka lililoshusha shata usiku halijafilisika kwa maana hiyo, limetoweka. Kampuni yenyewe inaweza kuwa bado hai kwenye daftari la BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, na kampuni iliyo hai bado ina deni lake kwako. RITA, wanaohusika na mambo haya, jina lao kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Maneno yetu yote mawili yamo kibaoni.

Waliofunga sola za kulipia kidogokidogo kwa simu wana jambo la ziada. Kifaa hicho hujifunga malipo yakisimama, na anayekifungua ni kampuni. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliingia ufilisi mwaka 2019 na ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa mwaka huohuo. Jina la anayekudai hubadilika, na ndiyo maana kumbukumbu za malipo kwenye simu si za kufuta.

Mwalimu alikuwa na risiti ya EFD, imekunjwa ndani ya Kurani. Tulipanda ngazi tukapiga picha lebo za nyuma ya paneli, zenye jina la kiwanda na namba ya kila moja. Inveta ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti ya fundi, hilo ni la kumwandikia mtengenezaji aihamishe. Kisha nikauliza shida yenyewe ni nini hasa. Taa zinakufa saa tatu usiku. Tulifunua sanduku la betri: za maji, na nati ya upande mmoja imevaa ukoko mweupe wenye kijani kama chumvi ya Uvinza iliyooza. Fundi mwingine wa mtaani aliusafisha, akakaza nati, akaongeza maji ya betri. Hakuna waranti ya miaka 25 duniani ambayo ingegusa nati ile, fundi wa Mwanga awepo asiwepo.

Siku ile jioni jirani akapita akauliza habari za sola. Mwalimu akaanza, "Waranti yangu ilikwisha..." Nikamwambia pole pole, mwalimu, si yako iliyokwisha, ni ya fundi, ya kiwanda ipo. Akafikiri kidogo, akasahihisha kama alivyokuwa akitusahihisha sisi ubaoni: "Ya fundi ilikwisha. Ya kiwanda ipo."