Mahakama ya China haiulizi cheti cha ndoa

Wapo wanaodhani mwanamke wa China akipigwa na mume au mpenzi hana la kufanya ila kuvumilia, na kama hajaolewa ndiyo kabisa, sheria haimjui. Si kweli. Februari 2012, wanawake waliandamana mtaani Beijing wakiwa na magauni ya harusi yaliyopakwa rangi nyekundu kama damu. Sheria ya kupinga ukatili wa majumbani ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2016, na inawagusa hata wanaoishi pamoja bila ndoa. Tangu 2023, hata aliyemwacha mpenzi, kisha akawa anaandamwa na kusumbuliwa, anaweza kuomba amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia anayemsumbua. Mahakama ina saa 72 za kuamua. Hali ikiwa ya dharura, saa 24.

Kinachonifurahisha mimi ni ushahidi: ile barua ya “nisamehe, sitarudia” inaweza kumgeukia mwenyewe aliyeiandika. Ujumbe wa simu pia.

Ugumu upo, tena mkubwa. Wapo polisi wanaosema hayo ni mambo ya nyumbani, mkayamalize wenyewe. Na wanandoa wanaoachana kwa makubaliano husubirishwa siku 30. Anayepitia mahakamani hafungwi na subira hiyo.