Ukuta na violini havilipiwi na mfuko mmoja

Kila msimu wa bajeti nchini Marekani, kauli mbili hugombana kuhusu ukuta wa mpaka na Mexico na masomo ya sanaa shuleni. Ya kwanza inasema: "Hela za ukuta zipo, za mwalimu wa muziki hazipo." Ya pili inajibu: "Nchi isiyolinda mpaka wake itafaidika nini na watoto kuchora?" Kazi yangu katika taasisi yetu ni kuwafafanulia wananchi bajeti za umma, na nimekaa kwenye mikutano ambako kauli hizi mbili zilimaliza jioni nzima. Wanaozitoa wana uchungu wa kweli. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinaamini kuna mfuko mmoja, na kwamba ukimpa huyu umemnyima yule. Kwa sehemu kubwa mambo hayaendi hivyo, na asiyelijua hili hupeleka kilio chake kwenye mlango usio wake.

Ulinzi wa mpaka ni kazi ya serikali kuu. Bunge la Washington ndilo linalotenga fedha za ukuta, askari wa doria na vituo vya kushikilia watu. Shule ni habari nyingine. Katika kila dola 10 zinazoendesha shule za umma, takriban dola 1 tu hutoka serikali kuu. Zilizobaki hutoka kwa jimbo na kwa wilaya ya shule, yaani chombo cha eneo kinachoendesha shule zake, ambacho hupata fedha hasa kupitia kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo somo la sanaa likifutwa, mara nyingi waliolifuta ni majirani waliochaguliwa kwenye bodi ya shule, au sheria ya jimbo iliyopitishwa miaka mingi kabla mtoto hajazaliwa.

California ni mfano mzuri. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13, lililofunga kodi ya nyumba na ardhi kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Wenye nyumba walipumua. Shule zikaanza kukaza mkanda, na walimu wa muziki na sanaa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Mpaka wa Mexico haukuhusika hata kidogo.

Sasa tazama upande wa serikali kuu. Mfuko wake wa sanaa, Wakfu wa Taifa wa Sanaa, ulianzishwa mwaka 1965. Mwaka 2024 ulitengewa dola milioni 207 kwa nchi nzima. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilitenga dola bilioni 46.5 kwa ukuta wa mpakani na vifaa vinavyoambatana nao, zitumike kwa miaka kadhaa. Mfuko mzima wa sanaa wa mwaka mmoja haufiki hata nusu ya asilimia 1 ya fedha hizo. Ukiufunga leo hujajenga ukuta wa maana, na ukiuongeza maradufu hujamrudisha mwalimu wa muziki kwenye kila shule.

Hata hivyo kuna wakati mifuko hii iligusana, na ni vizuri kuueleza vilivyo kwa sababu pande zote huutaja nusunusu. Mwishoni mwa 2018 Rais Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta. Bunge likakataa, na baadhi ya shughuli za serikali zikasimama kwa siku 35, hadi Januari 25, 2019. Bunge hatimaye likatoa dola bilioni 1.375. Rais akatangaza hali ya dharura ya kitaifa, na Septemba mwaka huo wizara ya ulinzi ikasimamisha miradi 127 ya ujenzi wa kijeshi ili kupata dola bilioni 3.6 za ukuta. Mmoja wa miradi hiyo ulikuwa shule ya watoto wa wanajeshi katika kambi ya Fort Campbell, Kentucky, yenye bajeti ya dola milioni 62.6. Ukuta ulikula shule kweli. Lakini hilo liliwezekana kwa sababu shule za aina hiyo hulipiwa na wizara ya ulinzi yenyewe, yaani na serikali kuu. Shule ya kawaida ya mtaani isingeweza kuguswa kwa njia ile.

Basi sanaa hufia wapi? Kwa kawaida haifutwi kwa kishindo. Hukatwa nukta kwa nukta. Nakumbuka mkutano mmoja wa bodi ya shule ambapo mweka hazina alionyesha jedwali ukutani. Kwenye mstari wa mwalimu wa muziki, 1.0 ilikuwa imegeuka 0.4. Hakuna aliyeguna. Mzazi mmoja nyuma akanyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, hiyo nukta nne maana yake nini?" Akajibiwa kwamba ni siku mbili kwa wiki. Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu wa siku mbili hawezi kuendesha bendi, maana midomo na vidole vya mtoto wa klarineti vinahitaji mazoezi ya karibu kila siku. Baada ya mwaka mmoja watoto hupungua, na upungufu huo huo hutumiwa kama sababu ya kuiondoa hata ile 0.4.

Walioielewa njia hii ya kifo wameandika sheria za kuikinga. Portland, jimboni Oregon, wapiga kura walikubali mwaka 2012 kila mtu mzima mwenye kipato alipe dola 35 kwa mwaka ili shule za msingi ziwe na walimu wa sanaa na muziki. Wenye kipato cha chini kabisa hawadaiwi. California nayo ilipitisha Pendekezo la 28 mwaka 2022, linalotenga kiasi sawa na asilimia 1 ya fedha ambazo ni lazima kisheria shule zipewe, kwa ajili ya sanaa na muziki. Wilaya zenye wanafunzi 500 au zaidi lazima zitumie walau asilimia 80 kuajiri watu. Na kuna sharti ninalolipenda kuliko yote: fedha hizo ziongeze juu ya zilizokuwepo, zisichukue nafasi ya hizo za awali. Bila sharti hilo wilaya humlipa mwalimu yule yule kwa hela mpya na kuhamisha za zamani kwingine, na mtoto haoni tofauti.

Kuna njia moja ambayo sera za uhamiaji huingia kweli hadi kwenye darasa la sanaa, nayo haipiti kwenye ukuta. Hupita kwenye daftari la mahudhurio. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu hana vibali vya kuishi nchini. Watoto hao wako darasani kihalali. Texas na California hulipa shule kwa wastani wa wanaohudhuria kila siku, si kwa walioandikishwa. Januari 2025 serikali kuu iliondoa mwongozo uliokuwa ukizuia kwa sehemu kubwa ukamataji wa wahamiaji shuleni na makanisani. Familia yenye hofu ikimbakiza mtoto nyumbani, shule hupoteza fedha za siku hiyo, na fedha zikipungua tunajua jedwali litaanza kupunguzwa wapi.

Roma, mji mdogo wa Texas ulio kwenye kingo za mto Rio Grande, huishi na mambo haya mawili, mpaka na muziki, kila siku. Ng'ambo ya mto ni Mexico. Shule yake ya sekondari ina kundi la mariachi, muziki wa jadi wa Mexico, linalosifika jimbo zima, violini na tarumbeta zikisikika huku magari ya doria yakipita. Mkazi wa hapo anaweza kutaka mpaka ulindwe na bado akataka mwanawe ajue kupiga violini. Nami sioni mgongano wowote hapo.

Kwa anayetaka kuingilia kati, tarehe ndizo za kushika. Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza Oktoba 1, ndiyo maana kelele za ukuta hupanda Septemba. Wa shule, katika majimbo mengi, huanza Julai 1. California, mwalimu anayetarajiwa kupunguzwa lazima apewe notisi ya awali ifikapo Machi 15, kwa hiyo jedwali lenye ile 0.4 huwa mezani Januari na Februari, katika mikutano ambayo viti vingi huwa vitupu.