SSD ni nini, na kwa nini huifufua kompyuta mpakato iliyochoka

Kompyuta mpakato ya miaka saba au minane ikichukua dakika tatu kuwaka, mwenyewe huanza kuilaumu prosesa, au virusi, au Windows. Mara nyingi hao wote wanaonewa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ifunguke Task Manager, kisha tazama safu ya Disk. Ikiwa diski iko kwenye asilimia 100 huku prosesa ikisinzia kwenye asilimia 10 au 15, umeshampata mkosaji. Cha ajabu zaidi ni ile kasi inayoonyeshwa pale pale: huenda ni megabaiti moja kwa sekunde, au hata pungufu. Diski ambayo ina uwezo wa kusoma megabaiti 100 kwa sekunde inahema, na bado haitoi kitu.

Kinachoichelewesha ni umbo lake. Diski kuu ya kawaida, yaani HDD, ni mashine yenye viungo vinavyotembea. Ndani mna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, ambazo katika kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea huenda na kurudi. Wazo hili ni la zamani. IBM walilitoa hadharani mwaka 1956. Tangu hapo diski zimekuwa ndogo na zinabeba data nyingi mno, lakini mkono ni ule ule na sahani ni zile zile.

Sasa piga hesabu. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Mkono ukishafika kwenye mstari unaotakiwa, kwa wastani hungoja nusu mzunguko ndipo data ipite chini ya kichwa: milisekunde 5 na nusu. Kuufikisha mkono wenyewe hapo ni kama milisekunde 12 nyingine. Ukijumlisha, kila kipande cha data kilicho mahali pake peke yake kinagharimu milisekunde 17 au 18, kwa hiyo vinavyosomwa kwa sekunde moja havifiki 60. Kipande kidogo huwa cha kilobaiti 4. Sitini mara nne ni kilobaiti 240. Ndiyo ile kasi ya aibu kwenye Task Manager.

Na kompyuta inapowaka haisomi faili moja kubwa iliyonyooka. Inaokota maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na kule. Programu ikihitaji vipande 2,000 vya namna hiyo, HDD itahangaika kwa zaidi ya nusu dakika.

SSD, hifadhi inayochukua nafasi ya HDD, haina sahani wala mkono. Ni chipu za kumbukumbu, ndugu wa zile zilizomo kwenye flashi na kwenye simu yako, za aina iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980. Hushika data hata umeme ukikatika, na kukifikia kipande chochote, popote kilipo, huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vipande 2,000 vinakwisha hata sekunde haijatimia. Kutopiga kelele na kutoogopa mtikisiko ni nyongeza tu.

Ndiyo maana namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi hupotosha. SSD ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ya zamani ile ile ya HDD, husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde. Za NVMe, zinazopitia njia mpya ya kasi zaidi iitwayo PCIe, nyingi hufika elfu kadhaa, na zile za toleo la PCIe 4.0 hufika hadi 7,000. Hizo ni kasi za kusoma data iliyopangwa mfululizo. Anayetoka kwenye HDD ataona mabadiliko makubwa kwa SSD yoyote nzuri, hata ya SATA, kwa sababu kilichokuwa kikimtesa ni kusubiri mkono. Kutoka SATA kwenda NVMe, mtu wa kuandika barua na kufungua kivinjari hataona tofauti ya kusimulia. Anayehamisha video kubwa kutwa nzima, huyo sawa, alipie.

Kabla ya kununua, jua kompyuta yako inapokea nini. Za zamani hubeba diski ya inchi 2.5, na SSD ya SATA ya ukubwa huo huingia pale pale ilipotoka HDD. Nyingine zina soketi ya M.2, inayopokea kibao chembamba cha upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa 80. Hapa wengi hukwama: vibao vya M.2 vya SATA na vya NVMe hufanana kama mapacha, na soketi inaweza kukubali aina moja tu. Soma maelezo ya modeli yako, usitegemee macho. Na kuna kompyuta nyembamba ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mama. Hizo mara nyingi hazina pa kuongezea kitu.

Kuhamisha data kuna njia mbili: kunakili diski nzima kama ilivyo, au kusimika Windows upya na kurudisha faili zako. Mimi huegemea ya pili kama mfumo umebeba takataka za miaka. Lakini HDD ikiwa inagonga-gonga au faili zinagoma kufunguka, okoa kwanza nyaraka na picha, mengine baadaye. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, hakikisha ufunguo wa kuirejesha unao mkononi kabla hujagusa bisibisi.

Habari ya kwamba SSD huisha haraka imetiwa chumvi. Ni kweli chipu zina kikomo cha kuandikwa, ila diski yenye dhamana ya kuandikwa terabaiti 150, ukiiandikia gigabaiti 20 kila siku, itachukua miaka 20 kufika huko. Cha kuogopa ni kufa ghafla bila dalili, kwa hiyo nakala rudufu haikwepeki. Na usiifanyie defragment, yaani kupanga upya vipande vya faili, kama ulivyozoea kwenye HDD. Haisaidii, inaiongezea uchakavu tu.

Lakini SSD haitibu kila kitu. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya gigabaiti 4 itabaki kuwa gigabaiti 4. Feni iliyoziba vumbi itaendelea kuichosha prosesa, na intaneti ya kusuasua haitajua kama umebadilisha chochote.

HDD uliyoitoa usiifute mara moja. Iache kama ilivyo kwa wiki kadhaa, mpaka uhakikishe hakuna faili uliyoisahau, kisha itie kwenye boksi la USB iwe ya kuhifadhia nakala.