Shule inapodai isichofundisha

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwahi kuniletea insha yake, karatasi kaikunja mara nne. Swali lilianza na neno "Jadili". Alikuwa ameorodhesha hoja tisa, zote sahihi, kila moja kwa sentensi moja, nami nilikuwa nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hujajadili." Akaniuliza kwa upole, "Samahani mwalimu, kujadili ndiyo kufanya nini?" Nilipekua maandalizi yangu ya muhula mzima nikakuta sijamweleza mtu yeyote. Waliofaulu swali lile walikuja wakijua.

Nafundisha sosholojia ya elimu, na tangu siku ile somo langu la kwanza naanzia hapo. Dhana za fani hii ni nyingi, lakini zile ninazoziona zina uzito zinazunguka jambo moja: shule hudai mambo isiyoyafundisha, na mtoto aliyeyapata nyumbani huonekana ana akili.

Vitabu vingi huanza na mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim na nadharia ya uamilifu, inayoitazama kila sehemu ya jamii kwa kazi inayoifanyia jamii nzima. Kwake, elimu ni kazi ya watu wazima ya kumwandaa mtoto aingie katika jamii, apokee maadili yanayowaunganisha watu. Mwaka 1959 Talcott Parsons wa Marekani aliongeza kwamba darasa ni daraja: nyumbani mtoto hupendwa kwa kuwa ni wa kwao, shuleni hupimwa kwa kipimo kilekile wanachopimwa wenzake. Maelezo hayo yana ukweli wake, na ninayafundisha kwa heshima. Ila nikimaliza huwauliza wanafunzi: kipimo hicho kimetungwa kwa mfano wa mtoto gani?

Hapo ndipo Pierre Bourdieu, mwanasosholojia mwingine wa Ufaransa, anapoingia. Mwaka 1964 yeye na Jean-Claude Passeron walichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ufaransa, wakawaita "warithi". Dhana aliyoikuza, mtaji wa kitamaduni, hufundishwa vibaya mara nyingi, kana kwamba inahusu kutembelea makumbusho na kuwa na vitabu sebuleni. Hivyo vimo, lakini kiini chake kiko ndani zaidi. Ni ule wepesi wa kumkatiza mwalimu kwa swali bila kutetemeka. Ni sikio lililozoea sentensi ndefu, na hisia ya kwamba mahali hapa ni pangu. Mtaji huu hukaa mwilini, hujengeka polepole mezani na kitandani kabla ya mtoto kujua kusoma. Kwa kuwa hakuna aliyeona ukichumwa, ukifika darasani huitwa kipaji. Fedha ya urithi kila mtu huijua kuwa ni ya urithi. Huu haujulikani, na ndiyo maana nguvu yake ni kubwa.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote unatoka kwa kundi lililofanya kazi na Basil Bernstein huko Uingereza. Watoto wadogo walipewa picha za vyakula, wakaambiwa wazipange zinazokwenda pamoja, kwa namna yoyote wanayotaka. Watoto wengi wa tabaka la wafanyakazi walipanga kwa maisha yao: hivi tunakula asubuhi, hiki mama hupika. Wengi wa tabaka la kati walipanga kwa aina: hizi ni mboga, hivi vinatoka baharini. Mwalimu mwenye haraka angefunga daftari hapo na kuandika kwamba kundi la pili lina uwezo wa kufikiri kwa dhana na la kwanza halina.

Lakini watoto wakaulizwa tena: mnaweza kuzipanga kwa njia nyingine? Safari hii watoto wengi wa tabaka la kati wakapanga kwa mambo ya nyumbani. Kumbe njia ile nao walikuwa nayo! Walichokuwa nacho cha ziada ni kutambua kwamba mtu mzima mgeni akikuuliza swali la namna hiyo, hata akisema "vyovyote utakavyo", kuna jibu analolitarajia. Wale wengine waliyachukua maneno yake kama yalivyo. Mimi huusoma utafiti huu kila mwaka na kila mwaka unaniuma, maana mtoto aliyeamini kauli ya mtu mzima ndiye anayepoteza alama.

Mwaka 1968 Philip Jackson aliandika juu ya mtaala uliofichika baada ya kukaa muda mrefu madarasani akitazama tu. Aliona watoto wakijifunza kusubiri: kusubiri zamu, kusubiri kuruhusiwa, kunyoosha mkono na kuushusha bila kuitwa. Hakuna ratiba inayoandika "kipindi cha nne: kusubiri", lakini somo linafundishwa kila siku. Samuel Bowles na Herbert Gintis walilipeleka mbali zaidi mwaka 1976, wakidai kwamba uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi unafanana na ule wa bosi na mfanyakazi. Naona waliinyoosha mno hoja yao, kana kwamba watoto ni udongo tu. Mwaka uliofuata Paul Willis alionyesha wavulana wa tabaka la wafanyakazi katika mji mmoja wa Uingereza wakiikejeli shule na kuipinga kwa makusudi, na upinzani huohuo ukawapeleka kwenye kazi za mikono kama za baba zao.

Kuhusu kubandikwa majina, yaani mtoto kuitwa mwerevu au mjinga kisha kutendewa hivyo, wengi wanaijua hadithi ya Robert Rosenthal na Lenore Jacobson: walimu waliambiwa kwamba wanafunzi fulani, kama mmoja kati ya watano, wangechanua mwaka ule, ingawa majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1968 yalionyesha watoto hao wa madarasa ya chini wakipanda kuliko wenzao. Utafiti huo umepingwa sana kwa upimaji wake, na tafiti za baadaye zimekuta athari ndogo zaidi. Naufundisha pamoja na upinzani wake. Robert Merton alikwisha kutupa dhana yenyewe mwaka 1948, utabiri unaojitimiza, yaani unaotimia kwa sababu watu waliuamini, na walimu hawakosi mifano yake.

Turudi kwa "Jadili". Siku hizi, kabla ya insha ya kwanza, nagawa majibu mawili yasiyo na majina, moja la hoja zilizopangwa kama orodha, lingine linalozigonganisha hoja hizo na kuamua. Wanafunzi wanasahihisha wenyewe, kisha tunabishana kwa nini alama zimetofautiana. Wapo wanaochoka, kwa kuwa wanayajua hayo. Nawaomba wavumilie, na huwa nawatazama wale wanaoandika kwa kasi, vichwa chini, wakinakili hata maneno niliyoyasema kwa kupitia tu.